Dakika 30, watoto 84: ubao, chati, vijiti au kishikwambi?

Kwenye andalio la somo, ule mpango mwalimu anaouandika kabla ya kufundisha, safu ninayoijaza kwa uongo kuliko zote ni ile ya muda. Utangulizi dakika 5, maarifa mapya 10, kuimarisha 10, tafakuri 3, hitimisho 2. Jumla 30. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akifungua daftari anakuta hesabu imekaa sawasawa. Safu ya zana nayo naijaza: chati, vijiti, kadi za namba. Ila safu hizo mbili zinaishi kwenye daftari moja bila kusalimiana. Hakuna aliyewahi kuniuliza, si chuoni wala kwenye semina, hivyo vijiti vitagawiwa katika dakika zipi.

Nafundisha darasa la pili, kusoma na kuhesabu, katika shule ya serikali mkoani Morogoro. Mwaka huu nina watoto 84. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 na wazazi wakaleta watoto kwa wingi, wengi wetu hiyo 45 tunaiona kwenye karatasi tu. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30; kuanzia la tatu ni 40. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Gawa kwa 84, kila mtoto anapata sekunde 21 zangu na chenji kidogo. Hapo hatujatoa "Shikamoo mwalimu", wala hatujamsaka aliyechukua penseli ya mwenzake.

Kwa hiyo nikilinganisha zana siulizi ipi inapendeza, wala ipi ilisifiwa semina. Nauliza: inakula dakika ngapi kabla haijaanza kufundisha? Mtoto wa dawati la mwisho anaiona? Na ikishamaliza kazi yake, inaondoka au inabaki pale ikivuta macho ya watu?

Somo la kupimia: 32 toa 17

Tuchukue somo moja tu, tusije tukapiga porojo. Aliyefundisha darasa la pili analijua jibu la 25. Mtoto anatazama mamoja, anaona 2 juu na 7 chini, anasema saba toa mbili ni tano. Makumi, tatu toa moja ni mbili. Anaandika 25, anapiga mstari chini, analeta daftari akiwa na furaha zake. Kutoa anajua. Kilichomshinda ni kuamini kwamba ndogo inaweza kukaa juu na kubwa chini, na hesabu bado ikaenda. Huyo ndiye ninayemtafutia zana.

Ubao

Ubao umedharaulika. Kwenye semina ukitaja ubao kama zana watu wanakutazama kana kwamba umekuja na jembe la mkono kwenye maonyesho ya matrekta. Lakini ubao una jambo moja ambalo chati hailipati hata ikichorwa na fundi: unakua mbele ya macho. Mtoto anaona 3 ikikatwa. Kisha anaona 2 ndogo ikiandikwa juu yake. Kisha 1 inasogea kando ya 2 ya mamoja, inakuwa 12. Kipi kilitangulia na kipi kilifuata, amekiona. Kwenye chati vyote vitatu vimeshafika kabla yake. Anakuta hesabu imechafuka mikwaruzo na hajui nani alianza.

Halafu mkono unaoandika kwa chaki una mwendo wa taratibu, unaokaribiana na mwendo wa akili ya mtoto wa miaka minane. Bila kupanga, ubao unanizuia nisikimbie.

Kasoro yake ni mgongo. Ninapoandika nimewapa kisogo watu 84, na dakika moja ya kisogo inatosha kabisa kwa vita ya viatu chini ya dawati. Dawa niliyoipata ni kuandika maswali ya mazoezi asubuhi kabla ya kengele, upande wa kulia, na kuyafunika kwa kipande cha mfuko wa salfeti kilichoning'inizwa kwa misumari miwili. Muda wa mazoezi ukifika nafunua tu. Zile dakika tatu nne za kunakili maswali huku darasa likiungua zinabaki mfukoni mwangu. Ninapofundisha, naandika nikiwa nimesimama ubavu, bega moja ubaoni na jicho moja kwao. Mwandiko unapinda kidogo, watoto hawajalalamika.

Mengine ya ubao nayapitia haraka. Namba iwe ndefu kama kidole chako cha kati, si chini ya hapo, kama darasa lina mita nane kwenda nyuma. Chaki nyeupe na ya njano zinaonekana. Nyekundu na ya bluu kwenye ubao mweusi zinamezwa. Na angalau mara moja kila muhula nenda ukae dawati la mwisho upande wa dirisha saa nne asubuhi. Mimi nilipokaa nikakuta theluthi nzima ya ubao wangu inang'aa jua, hakisomeki kitu. Miezi yote hiyo nilikuwa nawagombeza watoto wa kona ile kwa uvivu.

Chati

Miaka ya nyuma nilipokuwa na darasa la nne nilichora chati ya mmeng'enyo wa chakula. Jioni mbili nzima, manila mbili zimeunganishwa, ini la kahawia, tumbo la waridi, utumbo mwembamba umejikunja kama mkeka uliolowa. Niliitundika kabla watoto hawajaingia. Kuanzia salamu hakuna aliyenitazama. "Mwalimu, hiyo ya kijani nini?" "Mwalimu, sisi wote tunayo hiyo?" Nikafurahi, nikajua leo somo limeshika. Kumbe walikuwa wanaichora. Katika dakika 40, zaidi ya 20 ziliishia kwenye kuchora na kupaka rangi, na nilipouliza chakula kikitoka tumboni kinakwenda wapi, mikono iliyonyooshwa ilihesabika. Ini walilichora vizuri sana, hilo siwanyimi.

Siku hiyo nikajua chati haina breki. Ukiitundika imesema yote kwa mpigo, na mtoto anaanza kusoma anapopenda yeye. Sasa chati yangu inaingia darasani ikiwa imeviringishwa, au imetundikwa ikitazama ukuta. Ikigeuzwa, sehemu nyingine zimefunikwa kwa karatasi zilizobanwa kwa vibanio vya nguo, nafunua moja moja. Kwa kufanya hivyo chati inapata tabia ya ubao, inakua.

Kwa 32 toa 17, chati ya hesabu iliyokwisha kufanywa sikushauri siku ya kwanza. Siku ya tatu, ndiyo, ikae ukutani imsaidie anayesahau. Chati ni ya mambo yanayorudiwa: silabi, majedwali ya kuzidisha, siku za wiki, hatua za kunawa mikono. Kitu ambacho hakibadiliki na hakihitaji kuonekana kikizaliwa.

Kuhusu gharama: manila inachanika pembeni baada ya wiki, mfuko wa salfeti uliofuliwa ukakauka unadumu mwaka, unakunjika, unavumilia vumbi. Maka peni nyeusi au ya bluu ndiyo inayosomeka. Njano kwenye karatasi nyeupe ni kujichosha.

Na chati iliyokaa ukutani muda mrefu inageuka rangi ya ukuta. Nilishawahi kuondoa moja Ijumaa jioni, Jumatatu nikauliza darasa zima ni kipi kimekosekana. Walitaja dasta.

Vijiti na visoda

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida kubwa na hasara kubwa.

Kwa kosa la 25, hakuna kinachoshinda mafungu ya vijiti. Mafungu matatu ya kumi kumi yaliyofungwa rababendi, na vijiti viwili vya pekee. Hiyo ni 32. Mwambie mtoto akupe saba vya mamoja. Anakupa viwili, anasita. Anatazama mafungu. Anakutazama wewe, kama anaomba ruhusa. Mwaka jana mtoto mmoja alishika fungu mkononi kwa muda mrefu mpaka wenzake wakaanza kumcheka, kisha akavuta rababendi, vijiti vikamwagika juu ya dawati, akasema kwa sauti, si kwangu, kwa nafsi yake: "Kumbe zimo humu!" Kila ninapoandika 1 ndogo kando ya 2 ubaoni, tangu siku hiyo yeye anajua ni nini ile. Ni fungu lililofunguliwa. Kwa mtoto ambaye hakulifungua, ile 1 ni mkwaruzo wa mwalimu.

Sasa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kila mtoto awe na visoda vyake, vile vifuniko vya chupa za soda. Piga hesabu: watoto 84 mara 32 ni visoda 2,688 kwa swali moja. Nilikusanya kwenye baa na maduka ya mtaani mpaka mke wangu akaanza kuulizwa maswali na majirani. Kuvigawa ilichukua dakika 11, na nilikuwa bado safu ya tatu. Waliopata mapema wakawa wanavirusha kama gololi. Mmoja akaziba macho kwa visoda viwili akageuka kuonyesha wenzake, na kipindi kikaishia hapo.

Nilishajaribu karanga pia, mara moja tu. Jibu la 32 toa 17 kwa nusu ya darasa lilikuwa sifuri.

Kilichobadilisha mambo ni kuacha kugawa kwa mtoto mmoja mmoja. Makundi ya watoto sita sita, yanakuwa 14, vijiti 32 kwa kila kundi; jumla 448, vinatosha kwenye ndoo moja. Kila kundi lina mfuko wake wenye namba, ndani mafungu matatu na viwili vya pekee, vimehesabiwa tangu jana. Kiongozi wa kundi anachukua mfuko anapoingia darasani baada ya mapumziko, anauweka chini ya dawati, haufunguliwi mpaka niseme. Kugawa kumeshuka kutoka dakika 11 hadi kama tatu.

Kukusanya nako nilikuwa nakuhesabu kama hasara, mpaka nilipotazama wanachofanya. Ili mfuko urudi ulivyokuwa lazima wafunge upya kumi kumi. Wanahesabu, wanabishana kama ni tisa au kumi, wanafunga. Hilo ni zoezi la makumi na mamoja ambalo sikulitunga. Sasa kwenye andalio naliandika katika kuimarisha, na hapo angalau safu ya muda inasema kweli.

Hasara iliyobaki: katika kundi la sita, wawili wanashika vijiti na wanne wanatazama. Naagiza zamu, "aliyefungua fungu ampe wa kulia kwake", inasaidia bila kumaliza tatizo. Ukiwa na watoto 40 usinisikilize, gawa kwa wawili wawili.

Kadi, na zile zenye skrini

Kadi za silabi na namba ni zana ya kasi. Dakika tatu za utangulizi, kadi ishirini, darasa limeamka. Nyuma ya kila kadi naandika kwa penseli kilichoko mbele ili nisigeuze shingo. Kwa kueleza jambo jipya hazifai kabisa. Kadi inauliza, haielezi. Na nusu karatasi ya A4 wa dawati la mwisho anaikisia zaidi ya kuisoma, kwa hiyo natembea nazo katikati ya madawati.

Kishikwambi. Baada ya sensa ya Agosti 2022 vile vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilikabidhiwa kwa walimu, na kwa kuandalia masomo nashukuru, vitabu na mihtasari ninayo kiganjani. Kama zana ya kuonyesha darasani kwangu hakifai. Skrini ile wanaiona madawati mawili ya mbele, wengine 70 na zaidi wanasimama, wanapanda benchi, wanasukumana. Nikizunguka nacho, kila mtoto anakiona sekunde tatu na darasa lililobaki halina kazi. Kinachofaa humo ni sauti: hadithi iliyosomwa vizuri, wimbo wa irabu, kwa spika ndogo. Projekta sijawahi kuwa nayo. Kwenye shule jirani niliyoiona ikitumika, picha ilikuwa kivuli tu, kwa kuwa madirisha yana nondo na hayana pazia. Kama shule yako ina umeme wa uhakika na chumba kinachoweza kuwa na giza, uamuzi wako utakuwa tofauti na wangu, na ni sawa.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote, hivi ndivyo dakika zilivyokaa kwa saa ya simu yangu, darasani kwangu:

| Zana | Muda kabla ya kufundisha | Dawati la mwisho | Naitumia lini |
|---|---|---|---|
| Ubao | hakuna, ukiandaa asubuhi | anaona, namba zikiwa kubwa | hatua zinazofuatana |
| Chati | dakika 1 | inategemea mwandiko | mambo ya kurudiwa wiki nzima |
| Vijiti kwa makundi | 3, na 3 za kukusanya | vipo mkononi mwake | siku ya kwanza ya jambo gumu |
| Kadi | hakuna | kwa shida | marudio, utangulizi |
| Kishikwambi | kama 5 | haoni | sauti, maandalizi ya mwalimu |

Jedwali linadanganya kidogo, kwa sababu linaonyesha kana kwamba unachagua moja. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1960 kwamba mtoto hulipata jambo kwa kulitenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Wengi tunalisoma chuoni, halafu tunajaribu kubana yote matatu katika kipindi kimoja: vijiti, chati, ubao, mazoezi, mbio mbio, na kengele inagonga hakuna hata moja lililoshika. Mimi nayagawa kwa siku. Jumatatu vijiti tu, hakuna daftari. Jumanne nachora mafungu ubaoni, nakata moja, nachora vijiti kumi kando. Jumatano namba tupu, na chati ikitundikwa kwa wanaosahau. Mtaaluma, mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, aliwahi kuniuliza Jumatatu mbona madaftari hayana kazi. Nikampa mfuko namba saba, nikamwomba anitolee 17. Alicheka, lakini alifungua fungu.

Mwendo wa somo: kukimbia na wanaojibu, au kuwasubiri

Zana nzuri inaweza kuuawa na mwendo. Kuna mitindo miwili naiona kwenye madarasa yetu, nami natumia yote.

Wa kwanza ni wa kwaya. Mwalimu anauliza, darasa linajibu kwa pamoja, "Mmeelewa?" "Ndiyooo mwalimu!" Somo linakwenda kasi, kila mtu mchangamfu, mkaguzi akipita dirishani anafurahi. Kwa silabi na majedwali ni mtindo mzuri sana na sitauacha. Kwa 32 toa 17 ni hatari: wanaojua ishirini wanapiga kelele za watu 84.

Wa pili ni wa kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, mwaka 1974 alieleza alichokisikia kwenye kanda za masomo ya sayansi ya shule za msingi: mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudaka mtu mwingine au kujibu mwenyewe. Waliporefusha kusubiri mpaka sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu na waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu. Sekunde tatu ukizisimamia mbele ya darasa ni ndefu mno, jaribu. Mimi nahesabu kimoyomoyo huku nimeshika fungu la vijiti juu, na hiyo ndiyo kazi nyingine ya zana ambayo hakuna aliyenifundisha: inakupa kitu cha kushika wakati unanyamaza, na inawapa watoto kitu cha kutazama wakati wanafikiri.

Ili kusubiri kusinile kipindi, nimebana penginepo. Makofi ya kilo, kwa mfano. Kila jibu sahihi darasa zima linampigia mwenzao makofi ya kilo, kama sekunde kumi. Majibu kumi na mawili, dakika mbili zimekwenda kwa makofi. Sikuyafuta, ningezuliwa kesi. Nimeyapeleka mwisho wa kipindi, tunawapigia wote kwa mkupuo. Na badala ya "Mmeelewa?" naomba jibu la mamoja tu kwa vidole, kifuani, mwenzako asione. 32 toa 17: anayeelewa na mwenye kosa la 25 wote wanaonyesha vidole vitano! Niliumbuka hapo mbele ya mwalimu mwenzangu aliyekuja kuangalia somo, nikajua kidole hakitoshi, swali nalo lazima lichaguliwe. Sasa natumia 32 toa 18. Aliyefungua fungu anaonyesha vinne, aliyegeuza namba anaonyesha sita. Kwa kutupa jicho mara moja nimejua nani wa kumfuata na vijiti.

Wenzetu wa Kenya, ambao vipindi vyao vya gredi ya kwanza hadi ya tatu navyo ni dakika 30, walichukua njia nyingine kwa kusoma. Mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015, uliwapa walimu miongozo inayoeleza somo hatua kwa hatua, ukatoa kitabu kwa kila mtoto, na vishikwambi wakapewa maofisa wanaopita madarasani kuangalia na kushauri. Ukilinganisha na andalio ninaloandika mwenyewe usiku, mwongozo una nidhamu ya muda ambayo mimi sina. Mwalimu mpya akiniuliza achague kipi, nitamwambia ashike mwongozo mwaka wa kwanza bila aibu, ajifunze dakika tano zina urefu gani. Baadaye ataona unapobana. Mwongozo haujui kwamba darasa lako halina dari, na mvua ikipiga bati hakuna anayesikia neno hata moja. Siku za masika naacha maelezo yote: kadi juu, ubao, vidole, ishara za mikono, somo zima bila sauti. Mwendo unakuwa wa polepole, na cha ajabu, siku hizo nidhamu huwa nzuri.

Wiki ijayo tunaanza kuzidisha, 3 mara 4. Nilifikiria visoda kwenye safu, nikafikiria chati ya nukta, mwisho nimeamua zana iwe watoto wenyewe, safu tatu za wanne wanne, nje, chini ya mwembe. Kutoka na kurudi nimekadiria dakika saba, kwa hiyo nimeomba vipindi viwili vifuatane. Mtaaluma amekubali, ila kasema tusitimue vumbi upande wa ofisi.